Mkalimani wa Walionyongwa

Mume wangu Desderius alijenga gesti mahali ambapo watu walinyongwa kwa mdomo wa babu wa baba yake, kisha akashangaa kwamba wageni hawalali. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama kwenye korido na mto mkononi, anaubonyeza, anaugeuza, anautafuta ubaya wake.

Kilima chenyewe kinaitwa Ahamiti, yaani penye miti. Ukitoka Omurushaka kwenda Nkwenda utakiona upande wa kushoto, kipara, nyasi tupu, na ng'ombe hawapandishwi kule. Miti inayosemwa haikuwa ya kuota. Zilikuwa nguzo mbili na boriti juu yake, zilizosimamishwa na ofisa wa Kijerumani, na mchwa walizimaliza zamani. Mimi ni Eugenia, Mnyambo wa Ihanda kwa baba na kwa mama, na habari za Ahamiti nilizisikia kabla sijajua kusoma.

Habari zenyewe ni hizi. Vijana wa huku walikataa kubeba mizigo ya askari. Ofisa akawakusanya wazee awaulize nani aliyeanzisha mgomo. Hakujua Kinyambo, na wazee hawakujua Kiswahili. Katikati yao alisimama mkalimani, Rwegoshora, aliyeletwa kutoka pande za Bukoba, mtu ambaye kwa miezi mingi alikuwa akila na kulala katika nyumba za wazee hao hao. Wazee walijibu kwamba hakuna aliyeanzisha, watu wamechoka tu. Rwegoshora akamgeukia ofisa akasema: wamewataja watano. Akayatoa majina mwenyewe. Mmoja alikuwa amemnyima binti yake. Wa pili alikuwa na ng'ombe wazuri. Waliobaki sijui walimkosea nini, pengine alitaka orodha isionekane fupi. Wakanyongwa siku hiyo hiyo, wazee wakitazama bila kuelewa kilichosemwa kwa niaba yao. Rwegoshora akapewa kilima.

Kwa akina Desderius habari hiyo husimuliwa kwa namna nyingine. Kwao, babu alikuwa msomi, Wajerumani walimheshimu, wakamzawadia ardhi. Nilipoolewa niliisikia hadithi hiyo sebuleni kwao, watu wakinywa chai, na hakuna kikombe kilichotikisika.

Desderius alikulia Mwanza. Kihaya chake kinaishia kwenye kusalimia, na Kinyambo anakiita lugha ya porini, ingawa mahindi na maharage anayanunua kwa watu wa porini hao hao pale Nkwenda. Baba yake alipofariki na kilima kikaangukia mikononi mwake, alikwenda kukiangalia mara moja, akarudi anang'aa.

"Mama Winston," akaniambia. Winston ni mwanetu, anasoma Bukoba. "Pale kuna hewa, kuna mandhari, basi zote zinapita chini yake. Hawa watu wenu wamekiogopa bure miaka yote hii."

"Hawakukiogopa. Walikiheshimu," nikasema.

"Ni kitu kimoja," akasema, akaingia kuoga.

Fundi aliyempata aliitwa Niyonkuru. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa Kyerwa, mtu mpole, mkono wake kwenye lipu ulikuwa mzuri kuliko wa mafundi wote ninaowajua. Desderius hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mrundi, hata mbele ya wageni, kwa sauti ile ya kuita mbwa asiyeuma.

Walipochimba msingi walikuta mifupa. Niyonkuru alisimamisha kazi, akavua kofia, akanituma mimi nimwite mwenye mali. Mifupa ilikuwa imelala pamoja kama kuni zilizotupwa, mafuvu yametazama huku na huku.

"Baba, hawa ni watu," Niyonkuru alimwambia. "Tuwaite wenyeji wawazike, kisha tuendelee."

Desderius alichungulia shimoni na mikono mfukoni.

"Wewe umekuja kujenga au kuzika?"

Nikamwambia nami: azike, hata kama haamini chochote, azike kwa adabu tu. Akanicheka. Akasema mawe ya msingi yamepanda bei na hapa ameletewa kifusi cha bure. Akawaambia vibarua waliokuwa wamesogea pembeni kwamba asiyetaka kazi njia anaijua. Wakamwaga zege juu ya mifupa ile. Niyonkuru aliyakataa kabisa makarai ya siku hiyo, akakaa ukingoni mwa kilima akiwapa mgongo, na Desderius akamkata ujira.

Kwa sherehe ya ufunguzi alinunua fahali mweusi, akamfunga kwenye kigingi katikati ya nyasi. Hapakuwa na mti wala ukuta karibu. Asubuhi tulimkuta amekufa, ulimi nje, shingo imevutwa ikawa ndefu kama ya mnyama mwingine, na kamba ya kigingi imelegea chini, haijakazwa hata kidogo. Alama ya kitanzi ilikuwa chini ya taya.

Mtu mwingine angefunga mlango wa gesti akaenda kutubu. Desderius alitazama saa. Akamwita mchinjaji, akamwambia apitishe kisu shingoni ionekane amechinjwa. Wakubwa wa wilaya wakaja na magari yao, wakasimama jukwaani wakamsifu kwa kuleta maendeleo, wakala nyamafu ile na ndizi, wakajilamba vidole. Mimi nilikula ndizi tupu, nikiwatazama.

Ndipo wageni wakaanza kuja, na wageni wakaanza kuondoka.

Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Bukoba. Alitoka chumbani asubuhi kichwa kimemlalia bega la kulia, hakinyanyuki. Alisema watu wamesimama kuzunguka kitanda chake wakimuuliza swali moja: wewe ni wa nani? Alipotaja baba yake na babu yake wakamwacha. Baada yake walikuja wafanyabiashara wa nguo, akaja mwalimu mmoja na mkewe, wakaja madereva. Kila mmoja aliingia akitembea wima na kutoka shingo upande, na kila mmoja aliulizwa wewe ni wa nani. Shingo zao zilinyooka walipofika Omurushaka, lakini hakuna aliyerudi.

Desderius akabadilisha mito. Kisha akabadilisha magodoro. Kisha akasema ni baridi, akanunua mablanketi mazito kutoka Uganda. Yeye mwenyewe alikuwa akilala Nkwenda, penye ghala lake.

Mpishi wetu, Uwimbabazi, aliwaona mchana peupe. Alikwenda kwenye tangi kuteka maji akakuta wanaume watano wamekaa kivulini, wamejifunga nguo za magome ya mti, vichwa vyao vimelala mabegani. Alidhani ni wazee wa mbali, akawaambia shikamoo. Hawakuitikia. Mmoja akamuuliza yeye ni wa nani. Uwimbabazi akajibu kwa adabu, ni wa Telesfori na Mukantabana, wa Nkwenda. Wakatikisa vichwa vile vilivyolala, akaona shingo zao. Aliweka ndoo chini taratibu, akavua aproni, akaitundika msumarini, akaondoka kwa miguu mpaka barabarani.

"Amelewa rubisi," Desderius akasema.

"Uwimbabazi ni Msabato," nikamjibu. "Hanywi hata chai."

Basi siku ile ninayotaka kuwasimulia, nilikuwa nimepanda kutoka Ihanda na bodaboda, nimeleta mkungu wa ndizi kutoka kwenye kibanja cha mama. Gesti ilikuwa haina mgeni hata mmoja. Desderius alikuwa kibarazani amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapiga simu kwa watu ambao hawapokei. Niyonkuru alikuwa chini ya ngazi anaziba ufa. Msingi ulikuwa umepasuka upande ule ule wa mifupa, na kila alipouziba ulifunguka tena. Mvua ikanyesha kwa nguvu kwenye mabati, hatukusikilizana. Ilipokatika jua likatoka lote kwa pamoja, na kwenye ule mwanga wa baada ya mvua wakapanda ngazi.

Walitokea penye ufa. Wakampita Niyonkuru bila kumgusa. Yeye akabaki amechuchumaa na mwiko mkononi. Walikuwa watano, kama walivyosemwa siku zote. Mkubwa wao alikuwa mzee wa makamo mwenye kifua kipana, na mdogo wao alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijakaa vizuri. Mkubwa alishika kamba. Haikuwa kamba ya kichawi, ilikuwa kamba ya mkonge ya kawaida, imechakaa, ya kufungia mizigo.

Desderius alisimama, kiti kikaanguka.

"Nyumba hii ni ya nani?" mkubwa akauliza kwa Kinyambo. Kilikuwa Kinyambo cha zamani, kizito, kama cha bibi yangu.

"Wanasema nini?" Desderius akaninong'oneza. "Mama Winston, wanasema nini?"

Nikamtafsiria.

"Waambie ni ya serikali."

Nikageuka kuwaambia, lakini sikuwahi. Neno hilo walilijua. Nadhani ndilo neno pekee la Kiswahili walilokufa nalo. Lilipotoka kinywani mwa mume wangu wote watano walirudi nyuma hatua, yule kijana akaishika shingo yake kwa mikono miwili. Kisha wakasogea tena, karibu kuliko mwanzo.

"Tunamtafuta mtu wa damu ya Rwegoshora," mkubwa akasema. "Tumewauliza wote waliolala juu yetu, wakatuambia ukweli, tukawaacha. Hapa tunainusa damu yake. Atuambie mwenyewe ni wa nani, tumnyonge, tukapumzike."

Nilimtafsiria Desderius kila neno. Uso wake ulibadilika rangi ukawa kama majivu ya mkaa. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, na bado katika hofu ile nilimwonea huruma. Nilidhani atasema jina lake. Nilidhani atasema, ndiyo, alikuwa babu yetu, alifanya vibaya, nisameheni au nichukueni. Nilikaa naye miaka mingi ya kutosha kumjua, lakini mtu humtegemea mume wake kwa jambo fulani mpaka dakika ya mwisho.

"Waambie Rwegoshora hakuzaa."

Nikawaambia: "Anasema Rwegoshora hakuzaa."

"Tunanusa," mkubwa akarudia.

Desderius akayazungusha macho barazani, yakateremka ngazi, yakatua kwa Niyonkuru. Nikaona wazo linavyomwingia. Akanisogelea akanishika mkono, pumzi yake ya moto sikioni.

"Waambie ni huyo Mrundi. Ndiye aliyejenga. Hana watu huku, nani atamuulizia?"

Alinong'ona kwa sauti ya kutosha. Niyonkuru alisikia. Alimtazama, zege likimdondoka kwenye mwiko.

Wakati ule nilijua nimesimama wapi. Huku kuna mwenye nguvu, kule kuna wasiojua lugha, na neno la kumuua mtu limewekwa kwenye ulimi wangu niligeuze. Rwegoshora alisimama hapa hapa.

Nikasema kwa Kinyambo, taratibu, nisikosee hata neno: "Anasema niwaambie kwamba mtu wa Rwegoshora ni huyu fundi. Anasema fundi hana watu huku wa kumuulizia. Fundi anaitwa Niyonkuru, ni wa Kyerwa, hahusiki kwa lolote, na alitaka mifupa yenu izikwe. Maneno ya kwanza ni ya mume wangu, nimeyatoa kama alivyoyatoa. Ya mwisho ni yangu."

"Umewaambia?" Desderius akauliza.

"Nimewaambia."

"Yote?"

"Yote."

Akashusha pumzi. Naapa, alitabasamu. Akarudisha kiti chake wima na kupangusa tope kwenye suruali, kama mtu aliyemaliza biashara.

Wale watano wakampita Niyonkuru tena, kwa macho tu, wakamzunguka Desderius. Ndipo alipoelewa. Akaanguka magotini, akaushika mguu wangu mimi, si wa mmoja wao, akaanza kumwaga maneno. Wachukue gesti. Wachukue ghala la Nkwenda na maharage yake. Ana mdogo wake Mwanza anayefanana na babu hata kwa pua. Na alipoona kamba imefika usawa wa macho yake, akanyoosha kidole kuelekea Bukoba.

"Nina mtoto wa kiume! Winston! Waambie kuna Winston, yuko bwenini, huyo ndiye damu mbichi, mimi nimeshazeeka!"

Hilo sikulitafsiri. Nilifunga mdomo wangu, na kama wangenikaba nisingeufungua. Lakini yule kijana mdogo wao alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Aliangalia kidole cha Desderius, akaangalia uso wangu. Akamwambia mkubwa wake kitu kimoja: "Amemtaja mwanawe."

Mkubwa alimtazama Desderius muda mrefu. Nimewahi kuona mtu akitazama kidonda cha ng'ombe chenye funza, ndivyo alivyotazama. Kisha akaanza kuikunja kamba, mzunguko juu ya mzunguko.

"Sisi tulikwenda chini ya ile boriti kwa miguu yetu," akasema. "Kamba hii imeshika shingo za watu. Sitakitia hiki ndani yake."

Mmoja wao akalalamika, wamengoja muda wote huu. Mkubwa akamjibu: "Tulimngoja adui. Wametuletea hiki."

Wakatema mate, mmoja baada ya mwingine, kwenye vigae alivyoviagiza kutoka Mwanza. Mate yao yalikuwa vumbi.

"Wanasema nini?" Desderius akalia. "Wanasema nini, mke wangu?"

"Wanasema hufai kunyongwa."

"Asante Mungu," akasema, machozi na kamasi vikimchuruzika. "Asante Mungu. Waambie asante."

Wakateremka. Yule kijana peke yake akabaki kwenye ngazi ya juu. Kwa karibu alikuwa na umri wa mtu anayetafuta leseni ya pikipiki.

"Mama," akaniita, ingawa alizaliwa kabla ya bibi yangu, "Rwegoshora alinisogelea chini ya boriti, akaniambia baba yangu ndiye aliyenitaja. Ni kweli?"

"Si kweli," nikasema. "Huko kwetu kila mtu anajua. Baba yako hakumtaja mtu. Wazee walisema hakuna aliyeanzisha, watu wamechoka tu. Rwegoshora alisema mengine kwa kinywa chake."

"Walisema tumechoka?"

"Ndiyo, baba. Walisema mmechoka."

Aliinama, kwa kadiri shingo ile ilivyoweza kuinama, akawafuata wenzake penye ufa.

Niyonkuru aliosha mwiko wake kwenye ndoo, akaukausha kwa shati. Akapita mbele ya Desderius bila kumtazama, akaniambia, "Mama, tukawatoe watu wale." Kesho yake walikuja wanaume wa Ihanda na nyundo kubwa, hawakuomba ruhusa kwa yeyote, wakaivunja baraza na msingi wa upande ule, wakaitoa mifupa katikati ya zege kipande kwa kipande. Kazi iliwachukua mpaka jua linazama. Waliizika pembeni mwa kibanja cha ukoo mmoja uliokuwa bado unayajua majina matatu kati ya matano. Kama waliozikwa wametulia au la, sijui. Hakuna aliyekwenda kulala Ahamiti apime.

Mimi sikukesha pale hata siku ile. Nilikwenda Ihanda na nguo nilizovaa.

Desderius alihamia Omurushaka. Nasikia anakaa baa na kusimulia jinsi alivyopambana na mizimu ya Ahamiti ikakimbia, na kuna wanaomnunulia bia asimulie tena. Baada ya muda akaja kwetu kunirudisha, na baba yake mdogo, mzee Mwesiga, mtu wa Muleba mwenye heshima zake na koti hata wakati wa jua. Walikuja kwa bodaboda moja, wamebanana.

Tulikaa, tukasalimiana, mama akaleta kahawa ya kutafuna.

"Mkwe," mzee Mwesiga akaniambia, "nimeuliza nikaambiwa huyu hakupigi, hana mwanamke mwingine, halewi sana. Kosa lake ni nini?"

Nikamweleza. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika.

Desderius alikuwa anatikisa kichwa muda wote, kama anayemsikiliza mtoto akikosea hesabu. "Baba mdogo, wale ni wafu," akasema. "Mfu unaweza kumwambia neno lolote."

"Niyonkuru alikuwa hai," nikasema. "Winston yu hai."

Mzee Mwesiga aligeuka pole pole. "Ulimtaja mtoto?"

"Nilikuwa nawazungusha tu. Nilijua hawafiki Bukoba."

Mzee aliiweka ile buni aliyokuwa nayo mkononi kwenye kisahani. Akasimama, akamuaga mama kwa heshima, akaniomba radhi kwa niaba ya ukoo wao, jambo ambalo nadhani halikuwahi kufanywa na mtu wa ukoo ule. Akatoka uani. Tukasikia bodaboda inawaka, inapiga resi, inashuka bondeni.

Desderius alichungulia dirishani.

"Ameondoka na pikipiki?"

Mama aliniuliza kwa Kinyambo kama ampakulie mgeni chakula. Nikamwambia ampakulie, ale haraka, kuna mwendo mrefu mpaka barabarani. Desderius akauliza tunasema nini. Sikumtafsiria.